Bwana Salamu

Jumatano asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na shemeji naye mzima, na Mama magoti yake yametulia tangu baridi ilipopungua. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na kile kikohozi mlichokuwa mkinisimanga nacho kimekwisha chenyewe. Ningekupigia simu, lakini wewe na simu nawajua. Kabla sijafika sentensi ya tatu ungekuwa umeshanikatiza mara nne. Karatasi haikatizwi. Halafu najua kawaida yako ya kumsomea Mama barua kwa sauti huku mkichambua mboga. Hii nakuomba uisome peke yako kwanza, mpaka mwisho, ndipo umwite.

Karatasi ya mwanao niliipata wiki tatu zilizopita, na kuchelewa kujibu si kwa sababu ya kazi. Nimesoma kwamba mwalimu wao amewataka kila mmoja aandike habari za shujaa wake, mtu anayemjua kwa macho na si wa kwenye televisheni, na kwamba yeye kanichagua mimi. Nimeyasoma maswali yake mara nyingi. Mwandiko unalala kushoto kama wako. Ananiuliza kazi yangu hasa ni nini, kama naogopa, nani alikuwa shujaa wangu nilipokuwa mdogo, na mwisho, kwa mstari aliouchora chini kwa rula, kwa nini Mjomba humpungia mkono kila mtu.

La kwanza ni jepesi. Mwambie naendesha kreni ile ndefu ya mnara, kwamba napanda vidato mia mbili na kumi na sita kila asubuhi, na kwamba kibanda changu ni kidogo kuliko choo cha shule yao. Kina kiti kimoja, vishikio viwili, redio ya mkononi niliyoifunga kwa raba ili isianguke, chupa ya maji ya kunywa, na chupa nyingine ambayo sitaieleza kwa sababu ataiandika. Chini ya miguu kuna kioo. Siku nzima natazama tosi za watu, na baada ya miaka tisa watu nawajua kwa kofia zao kuliko kwa nyuso. Nikikutana na msimamizi dukani bila ile kofia yake nyeupe, huchukua muda kumtambua.

La pili: urefu siuogopi. Naogopa upepo, na ule usingizi wa saa nane mchana.

La tatu na la nne ni swali moja, ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu.

Unalikumbuka lile jengo la ghorofa nne lililokuwa likijengwa mkabala na shule yetu, ambalo Baba Mdogo ndiye aliyekuwa juu ya kreni yake. Tulivyojigamba! Hakuna mtoto mwingine shuleni aliyekuwa na ndugu wa baba anayekaa hewani. Asubuhi tukikata kona ya fundi viatu, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, na uliuinua wote, mpaka kwapa la sare yako likawa linafumuka mshono kila wiki, na Mama anashona huku akiuliza shuleni unasoma au unakwea miti. Mchana tukitoka tulipunga tena. Muhula mzima. Na Baba Mdogo hakutujibu hata siku moja. Alikaa kwenye kioo chake akitutazama kama sanamu. Si kutujibu tu. Hata kufanya kazi hatukumwona akifanya. Kila tulipotokeza, ile kreni ilikuwa imesimama na mzigo unaning'inia, na wenzetu wakawa wanatucheka, wanasema baba yenu mdogo kapewa kitanda juu.

Mama alikuwa na lake la kusema, unalijua, kwamba mtu akipanda juu huwasahau wa chini. Baadaye Baba Mdogo aliposhushwa kwenye kreni na kupelekwa stoo kugawa makoleo na ndoo, Mama alisema maringo na uvivu havilali nyumba moja siku nyingi. Tulikua na maneno hayo. Shujaa wetu alituvunja moyo, tukamwacha huko stoo.

Kwa hiyo nilipopata kreni yangu, niliapa kwamba hakuna atakayeniinulia mkono akarudi nao bila jibu. Nikatimiza. Nilimpungia muuza chai, wanafunzi wa barabarani, madereva wa malori ya mchanga, wapiga zege, hata mbwa wa mlinzi ningempungia kama angekuwa na mkono wa kunipungia. Kazini wakaniita Bwana Salamu. Nililipenda jina hilo, sikufichi. Asubuhi nikishapanda, kazi nzima iliniinulia mikono, na mimi juu nikiwajibu, na nilijiona mtu bora kuliko Baba Mdogo. Mwanao alipokuja likizo alisimama ng'ambo ya barabara akapunga, nikampungia, na nasikia mtaa wenu mzima uliambiwa. Hapo ndipo ushujaa wangu ulipozaliwa.

Jambo moja niliweke hapa kwa sababu litahitajika mbele. Siku nilipopata leseni, Baba Mdogo alikuja kunipongeza na kunipa kanuni moja tu. Ishara ya kuinua mzigo, alisema, hutoka kwa mtu mmoja aliyeteuliwa, na mwingine yeyote usimsikilize hata awe mwenye kampuni. Lakini ishara ya kusimamisha hutoka kwa yeyote, hata kwa kichaa anayepita. Ukiona mkono umeinuliwa, unasimama kwanza, unauliza baadaye. Nilimwambia hilo nilishalijibu kwenye mtihani, na kweli nililijibu, nikapata alama zote.

Sasa nije kwenye ajali, maana najua tetesi zimekufikia.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, hakuna upepo. Nilikuwa nahamisha fungu la nondo kutoka kwenye lori hadi ua wa nyuma. Mtoa ishara wangu, mtu makini asiyependa mzaha, alikuwa ua wa nyuma akiniongoza kwa redio: shusha, taratibu, shusha. Kutoka aliposimama aliuona upande mmoja tu wa mzigo. Upande wa pili, mkanda wa nyuma uliofunga mzigo ulikuwa umelika, ukawa unateleza kidogo kidogo. Fungu likainamisha pua, nondo zikamwagika kama njiti kwenye kiboksi cha kiberiti kilichofunguliwa vibaya. Moja ilimpata fundi wa lipu aliyekuwa akipita kando, ikamvunja mguu chini ya goti. Sauti ilinifikia baadaye kidogo, kama kawaida ya sauti kule juu.

Iliundwa kamati ya watu watatu. Walikaa kwenye chumba cha michoro, feni inapeperusha karatasi, wakizibana kwa vipande vya vigae. Waliuliza habari za mkanda, nikajibu kwamba ukaguzi wa mikanda ni wa watu wa chini. Wakauliza kama kabla ya tukio niliona ishara yoyote ya kusimama. Nikasema sikuona. Wakaandika.

Baada yangu aliitwa mfagiaji. Ni mama wa makamo, mfupi, kofia yake ya manjano imepasuka ukingo, na sote tunamwita Mama Fagio. Alieleza kwamba alikuwa karibu na tangi la maji, akauona mkanda ukiteleza, akainua mkono juu kabisa, kiganja wazi. Mmoja wa kamati akamuuliza kwa siku moja watu wangapi humwinulia mkono Bwana Salamu. Akasema wote. Chumba kikacheka, na mwenyekiti naye akacheka. Basi wakaandika kwamba mfagiaji alikuwa akisalimia kama desturi ya mahali pale, na tena kwamba alisimama mahali ambapo mtu hatakiwi wakati mzigo uko hewani. Kwa hilo la pili akaachishwa kazi. Mkaguzi wa mikanda akapewa onyo. Mimi nikaambiwa nipumzike siku nne, nirudi kreni Jumatatu.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kukuandikia, dada, na niishie hapo. Nimeshaandika barua mbili za namna hiyo na zote nimezichana.

Ijumaa nilikwenda kuchukua koti langu, nikamkuta Mama Fagio getini anarudisha vifaa: fagio, buti, ile kofia iliyopasuka. Mlinzi alikuwa akiandika kimoja kimoja. Nilimwamkia, naye akaitikia vizuri. Nikasema pole kwa yaliyotokea, maneno ya mtu anayetaka kupita. Hakupandisha sauti. Alinitazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake badala ya kofia, akasema:

"Mimi nilikuona, na wewe uliniona. Ulinipungia."

Akatia saini kwenye daftari la mlinzi akaenda zake.

Nilimpungia, dada. Nilimwona waziwazi, mkono juu, kiganja wazi, kama picha ya kitabuni. Nikaachia kishikio cha kulia, nikapunga, na nadhani hata nilitabasamu, ingawa kwa umbali ule tabasamu ni la mtu mwenyewe tu. Kisha nikaendelea kushusha. Zilipita kama sekunde tano kabla nondo hazijamwagika. Sekunde tano ni nyingi sana kwenye kreni. Mzigo unasimama kwa mbili.

Kwa siku mbili nilijidanganya kwamba sikusema uongo mbele ya kamati. Waliniuliza kama niliona ishara, na mimi niliona salamu, basi tatizo liko wapi? Uongo wa namna hiyo huvalika vizuri ukiwa umekaa peke yako. Ulinibana siku nilipokwenda hospitali kumwona yule fundi wa lipu. Mguu umepigwa vyuma, umetundikwa. Nilimpelekea machungwa. Alimwambia jirani yake wa kitandani kwamba huyu ndiye Bwana Salamu, mtu wa watu, dereva mwingine asingekuja. Nilimenya machungwa matatu kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu lenyewe linaweza kuwa la mtu mwingine.

Jumapili alasiri nikaenda kwa Baba Mdogo. Unajua ni muda gani sijafika kwake? Miezi kumi na moja, na naishi vituo vitatu tu kutoka pale. Anakaa chumba kile kile cha uani, macho yana ukungu sasa, na nilimkuta anajaribu kushona kifungo cha shati kwa kupapasa. Akanipa sindano nimtungie uzi kabla hata sijakaa. Nikamtungia, nikamweleza yote, pamoja na kamati, machungwa, na Mama Fagio getini. Alishona mpaka nikamaliza. Kisha akauliza:

"Mkono uliuona?"

"Niliuona."

"Basi kamati ya nini?"

Nikakasirika. Najua sikuwa na haki, lakini nilikasirika, na nikamrushia yale ya zamani. Nilimwambia kwamba mimi nilijifunza kupunga kwa sababu yake, kwamba tulimpungia muhula mzima na yeye akatutazama kama mawe, na kwamba kama angetujibu hata siku moja labda nisingekuwa Bwana Salamu. Alikata uzi kwa meno, akapapasa kifungo kama kimekaa, akasema:

"Mikono yenu niliiona yote. Kila mmoja niliusimamishia mzigo."

Dada, nilianza kuhesabu mambo upya. Ile kreni haikuwa imesimama kwa sababu Baba Mdogo analala. Tuliikuta imesimama kwa sababu tulikuwa tumeshainua mikono tangu kona ya fundi viatu. Hatukuwahi kuiona ikifanya kazi kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukiisimamisha, asubuhi na mchana, siku tano za juma. Kule juu hakuweza kujua kama watoto wawili wanasalimia au wameona mtu ameingia chini ya mzigo, kwa hiyo alisimama, akatukodolea macho, akatafuta hatari tuliyoiona, mpaka mtoa ishara wake akague chini na kumwambia ni wale watoto wa kaka yako tena. Msimamizi wao alimwonya mara ya kwanza, akamwonya mara ya pili. Alimwambia awapuuze watoto. Baba Mdogo akajibu kwamba mkono haumwambii umri wa mwenye nao. Ya tatu ikawa stoo, na stoo akakaa miaka kumi na minane mpaka akastaafu.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia tuache. Neno moja tu nyumbani, angebaki na kreni yake. Alisema alilifikiria. Lakini mtoto ukimzoesha kuuweka mkono mfukoni, siku atakayoona hatari ya kweli ataubakiza huko huko. Na alisema pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ilikuwa raha kutuona tunatokeza pale konani.

Hakunilaumu kwa lolote. Ningefurahi kama angenilaumu. Mimi naye tulifanya kazi moja, tukiinuliwa mikono ile ile. Yeye aliona kila mkono ni onyo mpaka ithibitike vingine, akaonekana ana maringo. Mimi niliugeuza kila mkono kuwa salamu, nikapendwa na kila mtu, na mwishowe nikawa nimewanyang'anya watu mia mbili ishara pekee waliyokuwa nayo ya kunizuia. Nililia pale kwake, kidogo, naye kwa kuwa haoni vizuri alijifanya hajui.

Jumatatu sikupanda kreni. Niliomba kamati ikae tena, ikakaa kwa manung'uniko, na nikasema niliuona mkono, nikapunga, nikaendelea. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachosema. Nilisema naelewa. Safari hii hakuna aliyecheka. Leseni yangu imechukuliwa, kwa muda gani hawajasema, na sidhani kampuni hii itanirudisha juu. Mama Fagio ameitwa arudi. Amerudi jana; nilimwona kwa mbali, wamempa kofia mpya, na sikumpungia. Fundi wa lipu nilimwendea mwenyewe nikamweleza kabla hajasikia kwa wengine. Aligeuza uso ukutani. Muuguzi akaniambia niondoke, nikaondoka. Nitarudi, lakini hilo ni lake kuamua, na huenda asiamue ninavyotaka.

Kwa sasa msimamizi amenipa kazi ya chini, kukagua mikanda kabla haijafungwa kwenye mzigo. Naishika mmoja mmoja kwa vidole, kutoka mwisho hadi mwisho. Shingo inaniuma kwa kutazama juu. Sijazoea.

Sasa mwanao. Mwambie Mjomba anamshukuru, na kwamba achague mtu mwingine. Usimfiche sababu. Ana miaka kumi na moja, na maswali yake ni ya mtu anayeweza kubeba majibu. Akitaka kuandika habari za Mama Fagio, aliyeinua mkono, kisha akausemea mbele ya kamati huku wakimcheka, nitamuuliza kama anakubali. Akitaka Baba Mdogo, aje likizo nimpeleke nyumbani kwake. Na kama bado anataka mtu wa kreni, basi asimame barabarani mbali na mzigo, ainue mkono wote. Atakayempungia ni mtu mwema kama mimi. Atakayesimama, huyo ndiye wa kuandikwa. Lakini afanye mara moja tu, dada, maana sisi tulifanya muhula mzima na sasa unajua ulimgharimu nini.

Unaweza kumwita Mama. Msomee yote, na pale pa maringo na uvivu usiparuke. Najua baada ya siku mbili ataanza kuuliza chumba cha Baba Mdogo kina blanketi ngapi.

Msalimie shemeji, mwambie ile bisibisi yake bado ninayo na sijaisahau. Wabusu watoto. Majirani wa upande wa bomba wape salamu zangu wote bila kubagua. Usinionee huruma kupita kiasi. Miguu yangu ni mizima, yote miwili.

Baba Mdogo naye anakusalimu sana. Nilipokuwa nataka kuondoka aliniita mlangoni akaniagiza nikuulize kama lile kwapa la sare, la mkono wa kulia, hatimaye lilikaa na mshono, maana anasema Mama alikuwa akilishona kwa uzi mweusi, na kila ilipofika Alhamisi lilikuwa limeshafumuka tena.

Ni mimi mdogo wako,

niliye chini sasa, mzima.